Mwanangu ndiye hunigeuza usiku. Je, nirudi kwa mama?

BARUA

Kwako mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Naomba jina langu usilitoe, maana ploti yetu ni ndogo na majirani wanasoma.

Nina miaka 36. Kazi yangu ilikuwa plasta. Mwaka jana mwezi wa tatu tulikuwa tunamalizia ukuta wa nje wa jengo moja hapa mjini, mti wa jukwaa ukakatika nikaanguka kutoka ghorofa ya pili. Wenzangu walinishika mikono na miguu wakanitupa nyuma ya pikapu. Nilijua palepale, kwa sababu niliona kiatu kimenitoka na mguu wangu unaning'inia ukigonga chuma, nami sisikii kitu. Daktari alisema ni pingili ya 10 ya kifua, kwenye uti wa mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hakuna kitu. Sisikii, sisogezi, mkojo unapita kwa mpira na haja kubwa inakuja inavyotaka. Mikono iko sawa, ile ile ya kushika mwiko.

Nilikaa hospitalini miezi mitano. Nilitoka na kidonda kwenye kalio kilichopona Desemba. Kontrakta alilipa bili ya mwezi wa kwanza, akaja mara moja na mkate na soda, na tangu hapo nikimpigia naambiwa mteja hapatikani kwa sasa.

Tunaishi Nyalenda, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Kiti cha magurudumu hakipiti mlangoni na mtu akiwa amekalia, kwa hivyo nabebwa hadi nje ndiyo niwekwe kwenye kiti. Choo ni cha ploti nzima, kina kizingiti, sijakiona kwa ndani tangu nirudi. Mke wangu hutoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kuuza nguo Kibuye, anarudi saa moja usiku. Mwaka huu maji ya masika yaliingia ndani mara mbili, nikakaa kitandani nikitazama ndala za watoto zikielea.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 13. Hospitalini walituambia nigeuzwe kila baada ya saa mbili ili nisitoke vidonda tena. Mama yake akirudi amechoka hawezi kuamka usiku kucha, basi kijana alichukua simu ya kabambe akaweka kengele. Saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Anaamka, ananigeuza, anaangalia mfuko wa mkojo, anarudi kulala. Asubuhi kabla ya shule anamwaga mfuko. Na siku tumbo likinisaliti kabla mama yake hajarudi, ni yeye anayenisafisha. Hajawahi kulalamika. Mwezi uliopita mwalimu aliita mama yake shuleni: mtoto analala darasani, na alama zake zimeanguka.

Mwezi huo huo mama yangu alikuja kututembelea kutoka Vihiga. Mke wangu alikuwa ameenda matangani kwao. Jioni nikachafuka. Mama akainuka achukue beseni, nami nikampigia kelele atoke, kelele ambazo sijawahi kumpigia maishani. Yeye ni mama yangu, na mimi ni mtu mzima mwenye mke. Mambo hayo kwetu hayafanyiki. Kijana wangu akasimama mlangoni akamwambia, "Nyanya, ngoja nje, hii ni kazi yangu." Mama alilia huko nje. Mimi nililia huku ndani. Mtoto wa miaka 13 ana kazi, na kazi yenyewe ni mimi.

Mama aliporudi walikaa kikao na kaka zangu. Wamekubaliana nirudi nyumbani. Kaka yangu wa Nakuru atatoa mabati na mbao nijengewe chumba karibu na mama, na kuna binamu asiye na kazi ambaye watamlipa kidogo anitunze. Nawashukuru. Lakini kwetu ni mlima na mawe. Kutoka barabarani hadi kwa mama kuna mteremko ambao mvua ikinyesha hata mwenye miguu huteremka kwa makalio. Na mtu aliyetoka kwao kwa miguu yake akarudi amebebwa, watu wanamwangalia vipi?

Nilipomwambia mke wangu, hakubisha. Yeye ni wa Seme, kwetu Vihiga huwa anakuja Krismasi na matanga. Alinyamaza, halafu akasema, "Ukiamua, uniambie mapema nijue mahali pa kupeleka watoto." Nikajua hapo ndoa imekwisha. Tena wiki ile nilimsikia kwa simu akimwambia dada yake, "Nimechoka, wallahi nimechoka." Yeye hulala na msichana wetu mdogo upande wa pili wa pazia, na hatujagusana kama mke na mume tangu niumie.

Siku hizi nimeanza kupunguza maji ya kunywa ili mfuko usijae, mtoto alale. Juzi niliweka sufuria ya chai mapajani nikaona ngozi imetoka kabla sijajua ni moto. Na nikusemee ukweli, kuna usiku kengele ikilia nikaona afadhali mti ule ungenimalizia kabisa.

Nirudi Vihiga nimwokoe mwanangu, au nibaki nishikilie nyumba yangu?

Fundi, Kisumu


JIBU

Ndugu yangu Fundi,

Barua yako niliisoma jioni nikaiweka, asubuhi nikairudia. Kilichonirudisha ni yale maneno ya kijana wako mlangoni.

Kabla ya yote, nianze na sentensi uliyoiweka mwishoni kama mtu anayeweka kitu mezani akigeuza uso. Umesema kuna usiku unaona afadhali ungekufa. Siichukulii kama maneno ya kupitisha uchungu tu. Mawazo hayo huwajia wengi walioumia uti wa mgongo, na mara nyingi huja wakati huu wako, si hospitalini. Hospitalini kuna zamu, kuna wagonjwa wenzako, kuna kusubiri. Nyumbani kusubiri kumekwisha na unaona hivi ndivyo ilivyo. Huo ni ugonjwa juu ya ugonjwa, na una matibabu yake. Kliniki ijayo ya kubadilisha mpira, mwambie muuguzi au daktari kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Na mawazo yakigeuka kuwa mpango, usingoje kliniki: mwamshe mke wako usiku huo huo, na muende hospitali. Bado hujamwambia, sivyo?

Sasa swali lako. Umeuliza kuhusu mahali: Kisumu au Vihiga. Lakini nikiisoma barua yako naona mahali umepataja kidogo. Unachorudia ni mikono. Mikono ya mwanao saa tisa usiku, mikono ya mama iliyotaka beseni, mikono ya mke ambayo haikugusi tena, mikono ya binamu ambaye hujasema hata kama mnaelewana. Ninavyosikia mimi, kinachokukereketa ni nani aguse mwili wako, na kama wewe bado unaulizwa. Usipolijibu hilo, litapanda matatu nawe hadi Vihiga.

Na kuna mikono ambayo umeitaja mara moja tu ukaipita. Ni yako.

Mimi si daktari, na haya uyapeleke kwa mtaalamu wa viungo kabla ya kuyajaribu. Lakini mtu aliyeumia pingili ya 10 ya kifua, mwenye mikono ya fundi, mara nyingi anaweza kufundishwa kufanya karibu kila kitu ambacho sasa anafanyiwa. Kujigeuza kitandani: kamba nene iliyofungwa upande wa miguu wa kitanda na nyingine ubavuni, unajivuta, halafu unapanga miguu kwa mkono na kuweka mto katikati ya magoti. Kulala kifudifudi, mito ikiwa imepangwa vizuri ili mifupa isigandamizwe, huwawezesha wengi kukaa muda mrefu zaidi bila kugeuzwa. Zile saa mbili zilikuwa sawa ulipokuwa na kidonda na huwezi kujisogeza. Je, kuna aliyekupima tena tangu Desemba? Kwa watu wengi ambao ngozi imetulia na godoro ni zuri, muda huo huongezwa polepole, nusu saa kwa nusu saa, huku ngozi ikikaguliwa kila asubuhi kwa kioo kidogo cha mkononi. Ukiona wekundu ambao haupotei (kwa ngozi zetu nyeusi ni weusi uliozidi, au mahali penye joto na pagumu), unarudi nyuma na hupalalii mpaka papoe. Hatari yake ni hiyo hasa: usiongeze muda kwa kukisia kwa sababu unamhurumia mtoto. Kidonda kimoja kitamnyima usingizi kuliko kengele zote za mwaka.

Hapo nitakupa kisa kidogo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hata Ulaya, wengi walioumia uti wa mgongo hawakuishi zaidi ya miaka michache. Waliuawa na vidonda na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao Stoke Mandeville, Uingereza, akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mwaka 1948 wagonjwa 16 wakashindana mishale pale uwanjani, na mbegu hiyo ndiyo iliyozaa michezo ya Paralympics. Nakuambia haya kwa sababu moja tu. Pale Stoke Mandeville kazi ya kugeuza ilikuwa ya watu wazima walioajiriwa, wakipokezana zamu. Kijana wako anafanya zamu zote peke yake, na asubuhi ana hesabu. Kwa hivyo akilala darasani, mimi simwoni mtoto aliyeharibika.

Mkojo nao. Tafadhali, rudi kwenye maji yako leo. Mkojo mzito ukikaa ndani ya mpira huleta maambukizi na mawe, na mpira huziba, kisha homa, kisha wodi. Muulize muuguzi kama wewe ni wa kubaki na mpira wa kudumu au unaweza kufundishwa kujipitishia mpira mwenyewe kila baada ya saa nne hadi sita, halafu unautoa. Wengi wenye mikono mizima hufanya hivyo, na wengi hupata maambukizi machache. Una vikwazo vyako: unahitaji mikono safi, maji safi, mipira ya kutosha, na nidhamu ya saa, kisha hapo ploti faragha ni pazia. Ukiona haiwezekani kwa sasa, hata kuutumia mfuko mkubwa wa usiku unaoning'inia chini ya kitanda kutampa kijana saa kadhaa za kulala. Hilo si jambo la kikao cha ukoo.

Na tumbo. Umesema haja inakuja inavyotaka. Ni kwa sababu haijapewa saa. Wenye hali yako hufundishwa kuchagua saa moja, siku zote ile ile, kama nusu saa baada ya chai au chakula, kwa sababu tumbo huamka likipata chakula. Wanakaa kwenye kiti kilichotobolewa, wanajisaidia kwa kidole chenye glavu na mafuta, kwa mkono wao. Huchukua wiki nyingi mwili kuzoea, na katikati utachafuka tena, usikate tamaa siku ya nne. Mke wako akiwa anatoka saa kumi na moja asubuhi, labda saa yako ni ya usiku baada ya ugali, akiwa yupo na watoto wako nje kwa jirani. Kama hilo peke yake likifaulu, fikiria ni mara ngapi mwanao ataitwa kukusafisha.

Kuhusu kijana mwenyewe, nikuulize taratibu. Umejuaje kwamba unachomfanyia ni madhara matupu? Sikatai kwamba kuna madhara: usingizi ni wake, masomo ni yake, na uchi wa baba ni mzigo ambao kwenu na kwingineko mtoto hapaswi kuubeba. Lakini niliposoma "hii ni kazi yangu" nilisikia pia kijana aliyekuwa anakulinda. Alimwona baba yake ameaibika akaweka mwili wake mlangoni. Ukimnyang'anya kazi yote kwa siku moja, ukampakia kwenye gari la shule au ukajipakia wewe kwenye gari la Vihiga, anaweza kudhani alikosea, au kwamba umeondoka kwa sababu yeye alisinzia darasani. Zitenganishe kazi. Kukusukuma kwenda kuangalia mpira Jumapili, kukuletea maji, kukusomea ujumbe wa simu, hizo ni kazi za mtoto yeyote kwa baba yake. Kengele za usiku na beseni ndizo za kumtoa, moja moja, na umweleze kwa nini. Kisha mwalimu aambiwe ukweli, kwa kifupi. Kwa sasa shuleni anajulikana kama mvivu.

Nije kwa mama watoto. Alisema, "Ukiamua, uniambie mapema nijue mahali pa kupeleka watoto." Wewe ulisikia: ninaondoka. Mimi, ambaye simjui, nilisikia mama anayewaza shule. Mtoto wa miaka 13 hahamishwi katikati ya muhula kama kiroba cha mahindi. Huenda wewe ndiye uliyesikia sawa, maana unaijua sauti yake na mimi nimeona maandishi tu. Lakini je, ulimuuliza alimaanisha nini? Na lile la "nimechoka" alilomwambia dada yake: mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku, akakuta maji ndani ya nyumba, angesema nini tena? Kuchoka na kuchoka nawe ni mambo mawili. Unaogopa kumuuliza kwa sababu jibu linaweza kuwa baya, nakuelewa. Ila sasa unaishi na jibu baya ambalo hajalitoa.

Na pazia. Hapa nitasema kwa heshima lakini sitazunguka. Mwanamke anayemsafisha mumewe kila jioni anaweza kushindwa kurudi kuwa mke usiku ule ule. Si chuki, ni mikono iliyochanganyikiwa. Hii ni sababu nyingine ya wewe kujifunza kujihudumia. Lakini msingoje hadi hapo. Kuna wanaume wengi walioumia kama wewe ambao bado wana maisha ya ndoa, wengine wamezaa. Zipo dawa, zipo njia, na daktari wa kliniki huulizwa maswali haya. Mtu asipouliza, mara nyingi hataambiwa. Kwa kuanzia, msichana mdogo anaweza kulala na kaka yake upande wa pili usiku mmoja, na mama yake akaja kulala upande wako bila kutarajia chochote. Tabaka la kwanza la plasta huwa halishiki ukuta wote.

Sasa Vihiga. Sitakuambia uende wala usiende, lakini kuna maswali ningewapelekea kaka zako kabla ya bati la kwanza kununuliwa. Kile chumba kinajengwa wapi? Kama ni chini kwa mama, mwisho wa ule mteremko, watakuwa wamekujengea mahali pazuri pa kulala na pabaya pa kutoka. Kikijengwa juu, kando ya barabara, hata kama ni kidogo zaidi, unaweza kufika Mbale hospitalini kwa gari bila kubebwa mgongoni, na unaweza kufungua hata kibanda cha kuuza saruji ukiwa umekaa. Kitakuwa nyumba yako wewe na mkeo, au chumba cha mgonjwa kwenye boma la mama? Mke wako atakuwa na mlango wake hapo? Binamu atalipwa na nani mwezi wa sita, shukrani zikiisha? Yeye ameulizwa kama anaweza kazi hii, maana si kazi ya mtu asiye na kazi, ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Mama naye ana miaka mingapi, na mgongo wake ukoje?

Faida zipo na nisizifiche. Kwenu hakuna kodi. Mlimani ndala za watoto hazielei kwenye maji ya masika. Kuna jua la kukaa, watu wa kupiga nao gumzo mchana, na mama ambaye amani yake nayo ina uzito. Hasara nazo zipo: watoto na mama yao wakibaki Kisumu, utakuwa umemwokoa kijana kutoka kwenye kengele ukamwacha bila baba, na sijui kwa umri wake kipi kinauma zaidi. Ndiyo maana nimeandika "sijui".

Katikati ya kwenda na kubaki kuna njia nyingine ambazo kikao hakikuzitaja. Mnaweza kuhama Nyalenda bila kuhama Kisumu: nyumba ya chini, mahali pa juu pasipofurika, tuktuk inafika mlangoni. Kodi itapanda, na mchango wa kaka wa Nakuru huenda ukafanya kazi zaidi hapo kuliko kwenye mabati. Au unaweza kwenda Vihiga likizo ya Agosti pamoja na watoto, wiki chache, ukapima ule mlima kwa mwili na si kwa hofu. Au ukabaki mlipo, mwenye ploti akikubali, na mkarekebisha. Wewe unajua kazi hii kuliko mimi: mlango wa kupitisha kiti unataka uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na mteremko mzuri ni 1 kwa 12. Kizingiti cha choo kikiwa na sentimita 15 unahitaji saruji ya mita 1.8. Vijana wako wa mjengo wangeimwaga Jumamosi moja, wewe ukisimamia ukiwa kwenye kiti ukiwafokea kuhusu kokoto. Tatizo ni kwamba ploti si yako, na mwenye nyumba anaweza kuwaondoa saruji ikiwa bado mbichi. Kibali chake mkipate kwa maandishi.

Kuhusu pesa, kontrakta asikupotee hivi hivi. Nchini Kenya kuna sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ile mafundi huiita WIBA. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kama yako kwa ofisi ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu ajue, na fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Risiti ya bili aliyolipa ni ushahidi kwamba alijua. Itafute leo, pamoja na ujumbe wowote wa simu, na majina ya wale waliokupakia kwenye pikapu. Mke wako au kaka yako aende ofisi ya leba hapo Kisumu aulizie; mtu akikuambia kibarua hana haki, mwambie akuonyeshe ilipoandikwa. Kuna muda wa kisheria, usikae. Kama hujajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, nenda ukapimwe kwenye hospitali ya kaunti upate kadi. Kwa kadi hiyo unaweza kuomba kiti kinachokufaa upana, maana hicho ulicho nacho nashuku kilichaguliwa na mtu ambaye hakuupima mlango wala wewe. Inua Jamii, mpango wa serikali, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa waliosajiliwa. Haijengi choo, lakini inanunua glavu.

Na sufuria ya chai: ubao mapajani, kila mara, na taulo juu yake. Kwa hilo sina maoni mawili.

Ukienda "Russia", hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kwa mazoezi, usitoke upesi. Kaa kwenye foleni utafute mtu wa kiti kama chako aliyeumia miaka mitano au kumi iliyopita, umuulize mambo ambayo madaktari hawajui: analalaje, anapandaje tuktuk, mkewe alisema nini mwaka wa pili. Maswali yako mengine ni yake kuliko yangu.

Kwa mama yako, nadhani unadaiwa simu. Si lazima uombe radhi kwa kumzuia beseni. Mwanamume wa kwenu kumzuia mama yake pale alikuwa na haki. Ni zile kelele. Mpigie kabla hujampa jibu la kikao, ili asidhani jibu lenyewe ni kelele nyingine. Unaweza kumwambia kuna kitu bado anaweza kukufanyia kisicho na beseni ndani yake, na umwache akitaje mwenyewe.

Halafu kuna ile kamba. Hiyo haihitaji kikao wala kibali cha mwenye ploti, ila macho ya mtaalamu wa viungo siku moja na kitanda kisichoyumba. Kijana wako akusaidie kuifunga, mchana, umfundishe fundo la jukwaa. Usiku wa kwanza mwache kengele iwe kwako, chini ya mto wako. Niandikie tena uniambie kama fundo lilishika, na kama mama watoto alijibu ulipomuuliza.

Wako,
Mshauri